Mjue tawi kabla ya kumtafuta mdiria

Karibu wote wanaoanza kuangalia ndege huniuliza swali lile lile: mdiria anaonekana saa ngapi, na upande gani wa bwawa? Nami huwarudishia langu. Umewahi kukaa mahali pamoja kando ya maji saa nzima bila kuinuka? Wengi hawajawahi. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza sikuwahi.

Mwaka ule nilikuwa mtu wa kutembea. Nilifika hifadhini alfajiri, nikalizunguka bwawa mara mbili au tatu, na nilichoambulia ni mlio mkali, kisha mstari wa buluu ukipita chini chini juu ya maji na kupotelea kwenye matete. Nilimjua kwa mgongo tu. Kilichonifumbua macho ni daftari. Siku moja niliketi nikayapitia maandishi ya miezi 9, nikagundua kwamba kati ya mara 14 nilizomwona, mara 11 alikuwa ameruka kutoka kwenye kisiki kimoja, au kutoka kwenye tawi la mti ulioangukia maji hatua chache tu kutoka kisiki hicho. Kumbe muda wote ule nilikuwa namfukuza kazini kwake, kisha namfuata alikokimbilia.

Basi ukitaka kumwona, anza na tawi. Mdiria anayekula samaki huvua kwa kuotea: hutua mahali palipoinuka kidogo juu ya maji, akatulia, akatazama chini. Huhitaji maji yaliyo safi kiasi cha kuona samaki ndani yake, na yasiyochafuka sana kwa upepo. Tafuta tawi, nguzo au kisiki kinachoelekea maji ya namna hiyo, kisha chunguza chini yake. Ukiona madoa meupe ya kinyesi, umepata kiti chake. Pengine utaona pia vidonge vidogo vya miiba na magamba, maana mdiria hutapika mifupa asiyoweza kuiyeyusha tumboni. Na ikiwa hifadhi ina kibanda cha kutazamia ndege chenye daftari la wageni, lisome kabla hujaketi. Waliotangulia mara nyingi wameandika hata jina la nguzo anayoipenda.

Ukishalipata tawi, usilisogelee. Kaa ng'ambo au pembeni, jua likiwa mgongoni mwako, mbele ya kichaka au ukuta, umbo lako lisichoreke angani. Mavazi yawe ya rangi iliyopoa. Kisha subiri, na subira yenyewe iwe ya kweli. Dakika 10 si kitu. Mimi huanza kuhesabu kwamba nimekosa baada ya saa moja na nusu.

Atakapotua utajua kwa nini ilistahili. Ataanza kutikisa kichwa juu na chini, akipima umbali wa samaki. Atajirusha kama jiwe. Wakati anapasua maji, utando mwembamba unafunika jicho lake, kwa hiyo sekunde zile za mwisho hategemei kuona kama tunavyoona sisi, na ndiyo maana kipimo kile cha juu tawini ni muhimu sana. Akipata, anarudi palepale, anampigapiga samaki tawini mpaka atulie, anamgeuza, anammeza akianza na kichwa ili mapezi yasimkwame kooni. Yote haya huchukua chini ya dakika moja. Anayetembea hayaoni kamwe.

Kuhusu rangi, nakusihi usiitegemee. Buluu ya mdiria haitokani na rangi iliyomo ndani ya nyoya. Inatokana na jinsi vijisehemu vidogo mno vya nyoya vinavyotawanya mwanga. Palipo na jua anawaka, kivulini anaonekana mweusi au kijani kilichofifia, na anayeanza hudhani ameona ndege wawili tofauti. Shika umbo: kichwa kikubwa, mdomo mrefu kama jambia, mkia mfupi, miguu midogo mno, mkao wa wima. Shika na sauti, kwa sababu mara nyingi mlio ndio utakaokupa sekunde 2 za kujiandaa.

Na usidhani kila mdiria yuko majini. Duniani wapo zaidi ya spishi 110 za jamii hii, na nyingi kati yao hazivui samaki kabisa. Wapo wa msituni na wa maeneo makavu wanaokaa tawini wakitazama ardhi, kisha wanashuka kuchukua panzi au mjusi. Somo la tawi kwao ni lile lile, ila maji hayapo. Anayevunja somo hili ni mdiria wa madoa meusi na meupe wa Afrika na Asia. Huyu anaweza kusimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga haraka, mdomo umeelekea chini, akazama na kuibuka mbali kabisa na ufuo, na akipata samaki mdogo, humla huku anaruka. Kwa huyo tazama katikati ya bwawa. Ukimpata ametua, hesabu mikanda myeusi kifuani: dume ana miwili, jike mmoja, na mara nyingi umekatika katikati. Kwa mdiria mkubwa wa Afrika, dume ana rangi ya kahawia-nyekundu kifuani, jike anayo tumboni. Yule mdogo wa Ulaya na Asia mtazame mdomo: wa dume ni mweusi mtupu, wa jike una rangi ya chungwa sehemu ya chini. Hizi alama ndogo zitakupa furaha kubwa, kwa sababu kuanzia hapo hutazami "mdiria" tena, unamtazama huyu jike wa kisiki hiki.

Darubini nitaisema kwa kifupi. Chukua ya 8x42 ukiweza. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Wanaoanza hukimbilia ya 10, lakini hiyo hukuza pia mtetemeko wa mikono na huonyesha eneo dogo zaidi, na mdiria hakusubiri uhangaike kumtafuta. Irekebishe siku ya kwanza: funga jicho la kulia, weka sawa picha kwa gurudumu la katikati ukitumia la kushoto, kisha funga la kushoto, uweke sawa kwa pete ya upande wa kulia. Na unapomwona ndege, usishushe macho kuitafuta darubini. Mkazie macho yeye, uilete darubini machoni.

Saa za kungoja si saa tupu. Nimejifunza ndege wengine wengi zaidi nikimngoja mdiria kuliko nilipotoka kuwatafuta wao. Yangeyange anayekoroga tope kwa mguu mmoja ili kuwatoa wadudu. Mnandi akianika mabawa baada ya kuzama. Mbayuwayu wakinywa maji bila kutua. Chagua mmoja kila siku, umtazame mpaka uweze kumchora. Mchoro uwe mbaya tu, hakuna tatizo, mradi uchore kabla ya kufungua kitabu cha ndege, maana ukishaiona picha ya kitabuni, kumbukumbu yako huanza kuifuata na unaandika ulichosoma badala ya ulichokiona. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, mahali, na alichokuwa anafanya. Siku ambayo hukuona kitu iandike pia. Kumbukumbu hizo unaweza kuziweka kwenye eBird, mfumo ulioanzishwa mwaka 2002 na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, na watafiti huzitumia kufuatilia wapi ndege wanaongezeka na wapi wanapungua.

Sasa jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Mdiria wengi wa majini huchimba shimo kwenye ukingo wa udongo ulio wima, na kiota huwa mwisho wa njia hiyo, kwa yule wa Ulaya na Asia sentimita 60 hadi 90 ndani. Shimo linalotumika huonyesha vijifereji viwili chini ya mlango, vilivyochimbwa na miguu inayoingia na kutoka. Ukiviona, rudi nyuma. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1981 inaifanya kuwa kosa la jinai kumsumbua mdiria makusudi akiwa kiotani, lakini hata pasipo na sheria, rudi nyuma.

Nasema hivi kwa sababu mimi sikurudi. Mwaka wa tatu nilipata shimo nikaketi karibu nalo, nikidhani nimetulia kiasi cha kutosha. Mdiria alikuja na samaki mdomoni, akatua wazi mbele yangu, akapiga kelele, akaruka, akarudi tena palepale. Nilifurahi mno. Nilidhani amenizoea. Nilimpiga picha nyingi, na ni jioni, nilipozitazama, ndipo nilipoona kwamba katika picha zote kichwa cha samaki kilielekea nje. Mdiria anayetaka kula mwenyewe humshika samaki kichwa kikielekea kooni kwake. Anayempeleka kwa mwingine humgeuza, ili apokelewe kwa kichwa. Huyu alikuwa na vifaranga shimoni, na kifaranga mmoja anaweza kuhitaji samaki zaidi ya 10 kwa siku. Karibu saa nzima alishindwa kuingia kwa sababu yangu.

Kesho yake nilikaa ng'ambo ya maji, mbali, nyuma ya matete. Alifika na samaki, akatua kwenye tawi lile lile, hakulia, akaingia moja kwa moja. Niliondoka na picha moja tu, ya mdiria mdogo asiyeonekana vizuri, na mahali pale sijapaandika popote ila kwenye daftari langu.