Kabla Hujamwita Mkorofi, Mpeleke Akapimwe Tezi

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji kutoka Iringa ambao nimeshindwa kuujibu kwa mistari miwili. Anaeleza kwamba dada yake, mwanamke mpole aliyesifiwa ukoo mzima kwa ustahimilivu, amekuwa mtu wa kufoka na kulia bila sababu, usiku halali, anakula vizuri lakini anazidi kukonda, na sasa upande wa mume unajiandaa kumpeleka kwa mganga kwa kuwa wameshaamua kwamba ana mashetani. Mimi si daktari, na siwezi kumpima mtu kwa kusoma ujumbe wa simu. Hata hivyo dalili hizo nazifahamu moja baada ya nyingine, kwa sababu zimepita katika mwili wangu mwenyewe, na maneno niliyoambiwa wakati huo bado hayajanitoka moyoni.

Nilikuwa mhasibu katika ofisi moja mjini Morogoro, na ndiye niliyetumwa kuzungumza na wateja waliokuja wamefura kwa hasira. Halafu, katika kipindi cha miezi michache, mlio wa kijiko cha mtoto kwenye sahani ulitosha kunipandisha mori. Niliongea haraka hadi watu wakashindwa kunifuata. Usiku nililala bila hata shuka, natiririka jasho, wakati mume wangu amejifunika blanketi, na moyo ulinienda mbio ilhali nimelala chali. Ofisini, mwenzangu tuliyekula naye chakula cha mchana kwa miaka alitamka mbele ya watu kwamba cheo kimenilevya. Wifi yangu alisema kwamba sasa nimeonyesha rangi yangu halisi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini magauni yangu yote yamenipwaya wakati sahani ya ugali naimaliza na kuomba nyingine.

Daktari aliyenisaidia hakuanza na maswali kuhusu ndoa yangu. Aliniambia ninyooshe mikono mbele na kutanua vidole, kisha akalaza karatasi tupu juu yake. Nilikaza mikono kwa nguvu zangu zote, lakini karatasi ile ilitetemeka bila kukoma, ukingo wake ukichezacheza mbele ya macho yangu. Akanipa glasi ya maji, akaniambia nimeze huku akitazama shingo yangu, kisha akasimama nyuma yangu akaipapasa kwa ncha za vidole. Majibu ya damu yalionyesha TSH, homoni inayoiamuru tezi ya shingoni, chini ya 0.01, wakati kiwango cha kawaida ni kati ya 0.4 na 4.0 hivi. Jina la maradhi yangu lilikuwa ugonjwa wa Graves, yaani tezi ya shingoni kufanya kazi kupita kiasi.

Naomba msomaji anivumilie hapa, kwa sababu bila kuelewa jambo hili mtaendelea kugombana na watu wagonjwa. Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na kwa mtu mzima ina uzito wa takriban gramu 20. Hutumia madini joto kutengeneza homoni za T4 na T3, ambazo hupanga kasi ya kazi karibu katika kila seli ya mwili. Tezi hiyo haijiamulii mambo. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamuru tezi ndogo ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, nayo pituitari hutoa TSH inayoiambia thairoidi ifanye kazi. Homoni zikizidi katika damu, ubongo hupunguza TSH, kama mpishi anayetoa kuni chungu kinapotaka kufurika. Katika ugonjwa wa Graves, mwili hutengeneza kingamwili, askari wake wa kupambana na maradhi, zinazojishikiza pale ambapo TSH ingejishikiza, na thairoidi huendelea kumwaga homoni hata baada ya ubongo kunyamaza kabisa. Ndiyo maana namba ya TSH huwa ndogo mno kwa mtu ambaye homoni zake zimefurika, jambo linalowachanganya wagonjwa wengi wanaposoma majibu yao.

Homoni hizo zikizidi huongeza katika moyo vipokezi, yaani sehemu za kupokea adrenalini, ile homoni ya mshtuko na hofu, kwa hiyo hata adrenalini ya kiwango cha kawaida hufanya kazi kwa ukali. Moyo hukimbia, mikono hutetemeka, jasho hutoka, usingizi hupaa. Mtu anayeishi katika hali hiyo mchana na usiku hupata hofu bila cha kuogopa, na hasira bila wa kumkasirikia. Niliandikiwa propranololi, dawa inayoziba vipokezi hivyo (na ambayo haiwafai wenye pumu), na baada ya siku chache mikono ilitulia. Dawa iliyoishughulikia tezi yenyewe ni kabimazoli, nayo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake, kwa kuwa thairoidi huwa na akiba ya homoni iliyokwisha kutengenezwa. Kadiri homoni zilivyoshuka, ndivyo uvumilivu wangu ulivyorudi. Mtoto aligonga sahani, nami nikaendelea kupakua wali. Hakuna mahubiri yaliyonibadilisha, wala hakuna kikao cha ukoo kilichonitengeneza.

Maradhi haya si mapya wala si ya watu dhaifu. Robert Graves, daktari wa Dublin, aliandika mwaka 1835 kuhusu wanawake waliokuwa na mapigo makali ya moyo pamoja na uvimbe wa tezi. Barbara Bush aligunduliwa kuwa na ugonjwa huu mwaka 1989, na mwaka 1991 mumewe, George Bush, akiwa rais wa Marekani, naye aligunduliwa kuwa nao baada ya moyo wake kupoteza mpangilio wa mapigo alipokuwa akikimbia mazoezi. Kwake yeye madaktari walikusanyika. Kwa mwanamke wa kwetu, ambaye jinsia yake humweka katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu, hukusanyika mawifi.

Tezi ikilegea badala ya kuzidi, mambo hugeuka: mtu huwa mzito, huhisi baridi, husinzia mchana, huzama katika huzuni, na sisi humwita mvivu. Huyo naye hujulikana kwa kipimo hicho hicho cha damu.

Ni kweli kwamba wako watu wakorofi wenye tezi nzima kabisa. Lakini mtu mzima mnayemfahamu kwa miaka akibadilika ghafla, na mabadiliko hayo yakaambatana na kukonda, mapigo ya moyo, joto, hedhi kuvurugika au macho kutokeza, mpelekeni akapimwe. Ombeni kama mnavyoamini, hata mimi niliomba, ila mpelekeni akapimwe kwanza. Mwenzangu yule wa ofisini hunisalimia siku hizi kana kwamba hakusema kitu, nami huitikia, lakini sijasahau na sitajifanya nimesahau. Ulimi unaotoa hukumu juu ya tabia ya mgonjwa humwongezea mgonjwa huyo maradhi ya pili, na maradhi hayo hayana kidonge.

Kwako mdogo wangu wa Iringa: omba dada apimwe TSH pamoja na T4. Kama anameza vitamini za nywele zenye bayotini, amwambie daktari kabla ya kutolewa damu, kwa maana huweza kupotosha majibu. Akiandikiwa kabimazoli, asiiache kwa kuwa amepata nafuu, kwani matibabu hayo kwa kawaida huendelea kwa miezi 12 hadi 18. Akipata homa au koo likimuuma, aende hospitali siku hiyo hiyo akapimwe chembe nyeupe za damu, kwa sababu dawa hii kwa nadra huzishusha kwa kiwango cha hatari. Kama ni mjamzito au anatarajia kushika mimba, aseme mapema. Na shemeji yako aelezwe kwamba hisia huweza kuchelewa kutulia kuliko namba za maabara, kwa hiyo cheti kikisema homoni zimekaa sawa na mkewe bado anafoka au analia, asiseme kwamba sasa hana kisingizio. Amrudishe kliniki, na aingie naye chumba cha daktari.