Kabla hujanunua bastola ya kutembea nayo, soma hapa kwanza dada yangu

Naishi Texas mwaka wa kumi na moja sasa, upande wa Fort Worth, kazi yangu unesi na zamu zangu nyingi ni za jioni, natoka saa tano na nusu usiku. Mwaka 2019 kuna jamaa alinifuata toka mlango wa hospitali mpaka kwenye gari. Akaniita, sikuitika, akaongeza mwendo, nami nikaongeza, nilipojifungia ndani ya gari mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa. Hakunifanya kitu, lakini wiki ile ile nikaenda kununua bastola, na nilinunua vibaya. Naandika haya kwa sababu kila mwezi kuna dada wa kwetu ananitumia meseji "nataka kununua, ninunue gani?" na naona kabisa anaelekea kule kule nilikopotelea mimi.

Mimi nimekulia Moshi, hata gobore sijawahi kushika. Nikaingia dukani, muuzaji akaniangalia mikono, akasema wewe una mikono midogo, hii ndiyo ya wanawake, akanitolea rivolva ndogo ya aluminiamu (ile bastola ya kitunguu cha risasi kinachozunguka), inabeba risasi 5 za aina ya .38 Special, haifiki hata nusu kilo. Nzuri, inaenea kwenye kiganja, nikalipa. Siku ya kwanza renji, yaani uwanja wa kupigia shabaha, risasi ya kwanza tu kiganja kikawaka kama nimechapwa fimbo, triga nzito navuta mpaka mkono unatetemeka, kufika ya tano nikawa nafumba macho kabla haijalia. Karatasi ilikuwa mita tano mbele yangu na nilipata tundu mbili.

Nimekuja kuelewa baadaye. Risasi nguvu yake ni karibu ile ile hata ukiiweka kwenye bastola ndogo. Bastola nzito inameza teke lake, nyepesi inalileta lote mkononi mwako. Halafu fupi ina kilengeo cha mbele na cha nyuma vilivyokaribiana, kwa hiyo mkono ukitikisika kidogo huku, kule kwenye shabaha ni mbali. Ndogo ni rahisi kuficha, kupiga siyo rahisi kabisa, ni bastola ya mtu aliyezoea miaka mingi. Kumpa mtu anayeanza kwa sababu tu ni mwanamke ni kumuonea, na bado maduka yanafanya hivyo hivyo mpaka leo.

Aliyeninyoosha ni mwalimu mmoja, mama mtu mzima, zamani alikuwa jeshini. Hakunipa jibu, aliniambia nisinunue kitu mpaka nimepiga. Renji nyingi za hapa wanakodisha bastola, unalipa hela kidogo unajaribu tatu nne siku hiyo hiyo. Akanifundisha vya kuangalia. Kwanza shika vizuri, mpini ujae kiganjani na nyuma ya bastola inyooke na mkono wako, halafu uone kidole kinafika kwenye triga bila kuugeuza mkono. Kama unaugeuza ili ufike, hiyo siyo ya kwako hata kama mumeo anaipenda. Pili vuta slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma, na hapa wanawake wengi tunaambiwa hatuna nguvu wakati hatukufundishwa tu: usibane kwa vidole viwili, shika slaidi kwa kiganja kizima toka juu, bastola iwe karibu na kifua, mdomo wa bastola uangalie mbele kwenye shabaha, halafu mkono ulioshika mpini ndio usukume kwenda mbele. Mimi siku ile ile niliweza. Tatu weka sahani ya karatasi mita saba, piga tano harakaharaka. Ile ambayo zote zimeingia kwenye sahani ndiyo ya kufikiria, bei na rangi baadaye.

Nilijaribu Glock 19, ya risasi 15, tamu sana kupiga lakini kwa mwili wangu ilichomoza chini ya nguo. Nilijaribu SIG P365, iliyotoka 2018, ndogo lakini inabeba risasi 10 na inapigika kuliko nilivyotegemea. Kama una tatizo la viganja au maungio, Smith & Wesson wana Shield EZ ambayo slaidi yake imetengenezwa iwe laini kuvuta, ilianza na ya risasi za .380, zenye teke dogo, mwaka 2018 na ya 9mm, zenye nguvu zaidi, ikaja 2020, namjua mama wa miaka 60 na kitu anaitumia kila wiki. Mimi niliishia kwenye Glock 43X, nyembamba, risasi 10, mpini unaojaa mkononi. Ile rivolva niliiuza kwa hasara.

Kuhusu ukubwa wa risasi watu watakuchosha na mabishano. Chukua 9mm kama mkono wako unaiweza, kwa sababu ndiyo ya bei nafuu, na ukinunua bastola ambayo risasi zake ni ghali hutafanya mazoezi, ni hivyo tu. FBI wenyewe walikuwa na .40, ambayo ni kubwa zaidi, wakarudi kwenye 9mm. Kama 9mm inakushinda basi .380 unayopiga vizuri ni bora kuliko kubwa unayoiogopa. Za mazoezi ni zile za kawaida za kichwa cha duara, za kujilinda ni zile zenye tundu kichwani, zinatanuka zikigonga na uwezekano wa kupitiliza kwenda kumpata mtu wa nyuma asiye na kosa unapungua. Na hizo za kujilinda upige boksi moja mbili kwenye bastola yako uone hazikwami, usizitunze tu.

Sasa holsta, yaani ala ya kubebea bastola, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Bastola nyingi za siku hizi, pamoja na hii yangu, hazina sefti ya pembeni ya kufunga na kufungua kwa kidole gumba, kinachokulinda ni triga kufunikwa. Holsta iwe ngumu, ifunike triga yote, isisogee, na mkanda wa kiuno uwe mgumu pia. Zile za kitambaa laini za dola 15 hapana. Kwenye mkoba wa kawaida hapana kabisa kabisa, bastola imetumbukia humo na funguo na kalamu na lipstiki, na mkoba unaouweka chini, mtoto anaufungua kutafuta bigijii. Desemba 2014 kule Hayden, Idaho, mtoto wa miaka miwili alitoa bastola kwenye mkoba wa mama yake ndani ya duka, ikalia, mama akafa pale pale. Mama huyo alikuwa na kibali, alikuwa msomi, hakuwa mzembe wa kawaida. Nikimwona dada yuko na watoto kanisani na bastola iko kwenye mkoba juu ya kiti moyo wangu hautulii mpaka ibada iishe.

Nyumbani iwe kiunoni kwako au kwenye sefu, hakuna mahali pa tatu. Juu ya kabati siyo mahali, watoto wanapanda. Sheria ya Texas inakubana wewe kama mtoto wa chini ya miaka 17 ameipata silaha yenye risasi uliyoiacha hovyo. Na kama nesi naongeza hili: zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni watu kujiua wenyewe. Kama kwenu kuna mtu yuko kwenye msongo, talaka, kijana aliyejifungia chumbani siku nyingi, bastola isubiri, au ikae kwa mtu unayemwamini mpaka hali ikae sawa. Nimewapokea wagonjwa wa aina hiyo na nimewashika mama zao mikono.

Makaratasi sasa. Kama uko kwa viza ya uanafunzi au ya kazi, kwa ujumla sheria ya nchi nzima inakukataza kumiliki hata kushika silaha, kuna vitobo vichache kama kibali cha kuwinda lakini usivitumie bila kuongea na wakili wa uhamiaji, utapoteza maisha yako yote ya huku kwa picha moja ya renji uliyoposti. Grinikadi ni sawa, raia ni sawa. Dukani utajaza fomu 4473 na rekodi zako zinaangaliwa, bastola kwa muuzaji mwenye leseni ni miaka 21 kwenda juu. Fomu inauliza mpaka bangi, na bangi kuwa halali kwenye jimbo lingine haisaidii kitu kwenye fomu ile. Jibu ukweli.

Toka tarehe 1 Septemba 2021 Texas si lazima uwe na kibali kutembea nayo kama umetimiza masharti. Chukua kibali hata hivyo. Darasa linachukua jumla ya masaa manne mpaka sita, unapiga risasi 50 kwa yadi 3, 7 na 15, ada ya serikali dola 40, na unajifunza lini sheria inakuruhusu kutumia nguvu ya kuua na lini unaenda jela, jambo ambalo wengi wenye bastola hawalijui. Pia ukivuka jimbo kibali ndicho kinachokubalika kwenye majimbo mengine, siyo yote.

Polisi akikusimamisha barabarani, sisi weusi tusidanganyane. Julai 2016 Minnesota, Philando Castile alimwambia polisi kwa heshima kwamba ana silaha, alikuwa na kibali, akapigwa risasi akafa mbele ya mwenzie na mtoto, na polisi yule mahakama ilimwachia. Mimi taa ya ndani nawasha, mikono miwili juu ya usukani, nasema nina kibali na silaha iko mahali fulani, halafu nauliza unataka nifanyeje. Sichukui leseni mpaka aniambie. Nimeshasimamishwa mara mbili na mara zote jasho lilinitoka.

Na kuna jambo nililijua baada ya kununua wakati lilitakiwa liwe la kwanza. Hospitali yangu ina bango la 30.06 mlangoni (hiyo ni namba ya kifungu cha sheria ya Texas), maana yake hata mwenye kibali haingii nayo. Sheria ya Texas toka 2011 inamruhusu mfanyakazi kuiacha kwenye gari lililofungwa paking ya mwajiri, kuna sehemu chache haziruhusiwi, kwa hiyo yangu inabaki garini. Kwa maana hiyo zile dakika nne za kutembea toka mlangoni mpaka garini, zilizonipeleka dukani 2019, bastola haiko na mimi. Kwa zile dakika nne nampigia mlinzi wa zamu anisindikize, nimeomba nipaki chini ya taa, na hatutoki mmoja mmoja tena, tunasubiriana manesi watatu wanne. Bastola ni ya njiani na ya nyumbani. Kwa hiyo wewe unayeuliza, kaa chini kwanza uandike siku yako ilivyo, saa kwa saa, uone ni wapi hasa utaruhusiwa kuwa nayo.

Na ikibaki garini isikae kwenye dashibodi, magari yanavunjwa kila siku hapa na bastola ndiyo wanayoitafuta. Mimi nina kisefu kidogo chini ya kiti, kimefungwa na waya wa chuma kwenye mguu wa kiti, na naiweka humo kabla sijafika kazini, siyo pale paking mbele ya macho ya watu.