Kabla hamjaandika andiko la milioni hamsini

Juzi vijana wa Igombe, hapa Mwanza, wameniletea andiko la kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia kumi ya mapato ya ndani, nilipitie kabla halijaenda kwa afisa maendeleo wa kata, nikafungua ukurasa wa bajeti nikakuta milioni hamsini, nikafunga nikaenda kunywa chai kwanza. Wadogo zangu nawapenda ila mnanichosha. Makosa ni yaleyale tuliyofanya sisi kabla mikopo haijasimamishwa 2023, imerudi 2024 na nyie mmeyaokota palepale tulipoyaacha.

1. Asilimia kumi sio ruzuku. Ni mkopo usio na riba na unarudishwa. Kwenye kikundi akiwepo mtu anayesema hela ya serikali hairudi, asishike uhazini. Hata vile vizimba vya kufugia samaki na boti alizokuja kuzindua Rais Samia hapa Mwanza Januari 2024 ni mkopo, japo nasikia watu mwaloni, pale boti za uvuvi zinaposhusha mzigo, wanaziita zawadi.

2. Kikomo cha hela hakiko kwenye andiko lako, kiko kwenye mapato ya ndani ya halmashauri. Kwenye hiyo kumi, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, hii mnaijua, ila hesabu hamuifanyi. Tuseme halmashauri ina bilioni 5 ya kukatwa hiyo kumi. Vijana wanapata milioni 200, mwaka mzima, kata zote. Vikundi 40 vikiomba hamsini hamsini hiyo ni bilioni 2, sasa nani atapewa alichoomba? Na hiyo 200 yenyewe haijakaa kwenye sanduku inawasubiri, inategemea ushuru wa soko na wa mwalo umekusanywa vipi, pamoja na waliotangulia kama wamerejesha.

3. Ukipewa pungufu, kaeni muandike mpango upya. Hapa nikae kidogo maana ndo tulipopigwa.

Tulikuwa kina mama wa dagaa, mimi katibu. Tuliomba milioni 28: mashine ya kusaga na kuchanganya chakula cha kuku, banda, kuvuta umeme, na mtaji wa kununulia dagaa chenga na pumba. Ikaingia 10. Mhazini wetu akasema jamani turudi mezani, mama mwenyekiti akasema mashine kwanza, vingine Mungu atatupa. Na mimi niliyeandika ile bajeti kwa mkono wangu, niliyejua kila mstari una kazi gani, nikaandika kwenye muhtasari "wajumbe wote wameafiki". Nilikuwa naitaka ile mashine. Nilishaanza kuwaambia watu kanisani.

Fundi wa Nyakato akaitengeneza, akaipaka rangi ya bluu, tukaileta kwa kanta tumevaa vitenge vya sare, tukapiga picha mpaka simu zikaisha chaji. Alafu fundi umeme akaja akaangalia mota, akaangalia waya ulioingia bandani, akacheka. Mota inataka umeme wa njia tatu, na hela ya kuuvuta ilikuwa kwenye ile milioni 18 iliyokatwa. Mashine ikakaa. Kuku wa jirani wakawa wanalala juu yake, yaani hao hao tuliotaka kuwatengenezea chakula, asubuhi unakuta wameijaza kinyesi mpaka kwenye mdomo wa kumiminia nafaka.

Marejesho hayakusubiri. Tukalipa kwa hela za dagaa tulizokuwa tunaanika kila mtu kivyake, wawili wakahamia Ukerewe simu hazipatikani, sehemu yao tukabeba tuliobaki kwasababu mkopo ni wa kikundi. Mashine tukamuuzia mtu wa Magu nusu bei na akaomba apunguziwe na usafiri. Na kinachoniuma mpaka leo, kwa ile 10 tungejenga chanja, yaani vichanja vya kuanikia dagaa juu juu wasiguse mchanga. Kila mwanamke wa mwaloni anajua dagaa wa chanja wanashinda wa mchangani kwa bei, mnunuzi akitafuna moja tu akasikia mchanga anashusha hapohapo. Tulikuwa na biashara ya milioni kumi mkononi, tukaenda kununua theluthi ya biashara ya 28.

4. Kwahiyo bajeti iandikeni kwa awamu, na awamu ya kwanza iweze kuingiza hela yenyewe hata zingine zisipokuja.

5. Msigawane. Mkopo ukishakatwa vipande kila mtu akaondoka na chake, wa kudaiwa bado ni kikundi.

6. Katiba, mihtasari, akaunti ya kikundi, viwe tayari kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

7. Ratiba ya marejesho. Afisa anahesabu mwezi wa kalenda, nyie mnahesabu wa angani. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa wanapumzika, hamna mzigo, hamna hela, alafu tarehe ya marejesho inaangukia hapo hapo. Lisemeni kabla ya kusaini au wekeni akiba wakati wa giza, maana ukishasaini huwezi kwenda ofisini kujitetea kwamba mwezi ulikuwa unang'aa sana.

8. Profoma tatu, zile karatasi za bei za vitu mnavyotaka kununua, zitoke maduka matatu kweli. Zile zenye mihuri tofauti na mwandiko mmoja tunazitambua, hata nyie wa Igombe, ukurasa wa tisa, nimeona.