Muulize Mzee Fundi: Kicheko cha msikitini, na nani akilipie

SWALI: Asalaam aleikum Mzee Fundi. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Mbale. Binti yangu amerudi likizo kutoka chuo na simu iliyojaa mchezo wa kuchekesha wa Kanada, kuhusu Waislamu waliopanga ukumbi wa kanisa wakaufanya msikiti. Jioni anakaa jikoni na wadogo zake wanne, wanacheka mpaka mama yao anasahau sufuria. Nilitazama sehemu mbili nikiwa nimesimama mlangoni. Tusi sikuliona, lakini moyo haukutulia. Tangu lini ibada ikawa kitu cha kuchekea? Tena binti ananiambia mchezo huo ulitengenezewa kituo cha umma, kwa hela za wananchi. Serikali ina shughuli gani na vichekesho vya msikitini? Na sisi tukidai cha kwetu pale UBC, runinga ya taifa ya Uganda, si tutakuwa tunaomba kudhalilishwa kwa kodi yetu wenyewe? — Mwalimu, Mbale

JIBU: Wa aleikum salaam warahmatullah, Mwalimu. Nimependa hapo uliposema ulitazama umesimama mlangoni. Mtu anayetazama sehemu mbili nzima amesimama mlangoni, nusu yake imeshakaa.

Mchezo huo naujua. Unaitwa Little Mosque on the Prairie. Mjukuu wangu aliniletea kwenye flashi mwezi wa Ramadhani, nikawa nautazama baada ya tarawehe nikisubiri daku. Miaka arobaini kazi yangu ilikuwa kuzifungua runinga za watu kwa nyuma, sikuwa na nafasi ya kukaa mbele yake, kwa hiyo siku hizi natazama kwa uroho.

Ulianza kurushwa tarehe 9 Januari 2007 na CBC, shirika la utangazaji la umma la Kanada. Usiku ule wa kwanza watu kama milioni 2.1 waliutazama, na ukaendelea misimu 6, sehemu 91, hadi Aprili 2012. Aliyeubuni ni Zarqa Nawaz, mwanamke Mwislamu wa asili ya Pakistani anayeishi Regina, katika jimbo la Saskatchewan, kule kwenye mbuga za ngano. Hapo ndipo pa kuanzia, Mwalimu. Aliyeshika kalamu ni mtu anayevua viatu mlangoni kama wewe.

Sehemu iliyonikamata ni ile ya kizuizi. Baber, mzee wa msimamo mkali, anataka wanawake watengwe kwa ukuta wakati wa swala. Rayyan, daktari, binti aliyevaa hijabu yake vizuri, hataki. Katikati yuko Amaar, imamu kijana aliyeacha uwakili Toronto, hata mwezi hajamaliza kazini. Mwisho anaweka kizuizi nusu: anayetaka kuswali nyuma yake aswali, asiyetaka akae upande ulio wazi. Wote wawili wanabaki na manung'uniko, kama inavyokuwa.

Nilicheka peke yangu usiku nikaamsha watu. Maana yalitupata. Msikiti nilioswali miaka mingi, upande wa wanawake ulitengwa kwa turubai la buluu, lile la kufunikia mahindi. Walikuwa hawasikii hotuba, nikaitwa mimi fundi niwavutie waya wa spika. Waya ukapita chini ya turubai, na kila Ijumaa kuna mguu unaoukanyaga. Siku moja spika ikakata katikati ya hotuba. Kimya. Halafu ikatoka sauti ya Hajati mmoja nyuma ya turubai: "Sheikh, huku tumebaki na Mungu peke yake!" Wazee wa safu ya kwanza wakaguna kwamba kusema wakati wa hotuba kunaharibu Ijumaa, na kifikihi, yaani kwa sheria ya dini, walikuwa na haki yao. Imamu alishika mimbari kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Wiki iliyofuata nililipwa waya mpya, niupitishe darini.

Sasa niambie, Hajati yule alidharau ibada? Alichokuwa anataka ni kuisikia. Zarqa Nawaz naye, kabla ya vichekesho, alikuwa ameshatengeneza filamu ya kweli juu ya jambo hilohilo la wanawake kuwekwa nyuma ya pazia misikitini, Me and the Mosque ya mwaka 2005. Hiyo ilitoka kwa Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, ambayo pia ni ya umma. Kwa hiyo hakuamka siku moja akaamua kuchekesha watu kwa dini. Alikuwa na dukuduku, akalisema kwa huzuni kwanza, kisha akalisema kwa kicheko, na kwa kicheko ndipo lilipofika jikoni kwako Mbale.

Katika sehemu zote nilizotazama sikuona sijda ikichekwa. Wanaochekwa ni watu. Ile ya kwanza kabisa, Amaar yuko kwenye foleni uwanja wa ndege, anaongea na mama yake kwa simu jinsi baba anavyosema kuacha uwakili ni kujiua, na yeye anajibu kwamba huo ndio mpango wa Mwenyezi Mungu kwake. Walio nyuma yake wanasikia maneno mawili matatu tu, na polisi hao. Anayechekwa hapo si Amaar, ni sikio la aliyesimama nyuma. Hilo sikio tunalifahamu hata sisi.

Lakini nisikudanganye kwamba kila kitu cha namna hii nakipenda. BBC, nao shirika la umma, la Uingereza, walianza Agosti 2012 kurusha Citizen Khan, juu ya bwana mmoja wa Birmingham anayejiita kiongozi wa jamii ingawa jamii haimjui. Aliyeibuni na kuicheza ni Adil Ray, naye Mwislamu. Kipindi cha kwanza tu malalamiko yakamiminika, hasa kwa sababu ya binti wa Khan ambaye akisikia baba anaingia anajitupia hijabu haraka na kufungua msahafu. Watu walisema ni dharau kwa msahafu. Mimi pale niligeuza uso, kwa sababu nyingine: mjukuu wangu aliyekuwa amekaa pembeni aliacha kucheka ghafla. Tukatazamana. Basi. Hatujaizungumza mpaka leo. BBC hawakukitoa, kiliendelea hadi 2016, na waliolalamika walisikilizwa kwa sababu ni walipaji: kule nyumba inayotazama runinga hulipa ada ya mwaka, kwa hiyo mzee wa Birmingham akipiga simu anapiga kama mwenye mali.

Hapo ndipo penye swali lako la hela. CBC iliundwa 1936, na sehemu kubwa ya fungu lake hupitishwa na Bunge. Matangazo ya biashara yapo pia kwenye runinga yao, lakini hayo peke yake hayaishikilii. Sensa ya Kanada ya 2001 ilihesabu Waislamu kuwa asilimia 2 tu. Muuza sabuni akihesabu vichwa vya kununua sabuni, ataanza na asilimia 2? Kituo cha umma kinaweza kuanza na hao kwa sababu kazi yake ni kuwaonyesha wananchi kwa wananchi wenzao.

Nakuambia hili nikiwa nimeumwa nalo. Miaka ya nyuma mimi na vijana wa msikiti tuliandika mchezo mfupi, dakika kumi na mbili, juu ya nyumba inayofuturisha wageni wengi kuliko vikombe. Tukasafiri hadi Kampala kwenye kituo kimoja cha binafsi. Kijana wa vipindi aliusoma mbele yetu, akacheka kwa kweli, akamwita mwenzake naye akacheka. Halafu akasema saa yao ya vichekesho inadhaminiwa na bia. Tukanyamaza. Akatuuliza, kwa adabu kabisa, kama yule mjomba wa kwenye mchezo anaweza kuwa na chupa mezani, si lazima anywe. Kwenye futari! Tulirudi Tororo usiku huohuo, na njiani vijana walikuwa wanasema mjomba, pita hapa na chupa yako. Simlaumu sana kijana yule. Saa ile ilikuwa ya mwenye bia.

Sasa UBC. Runinga yetu ya taifa ilianza 1963, ikiitwa UTV, na mwaka 2005 sheria ikaiunganisha na Redio Uganda kuwa shirika moja la utangazaji. Nakubaliana nawe ukinung'unika kwamba ukiiwasha unakuta utepe unakatwa, kisha hotuba, kisha utepe mwingine. Kituo cha serikali kinaweza kuishi hivyo miaka yote. Lakini jina lake kisheria ni kituo cha umma, na neno hili umma, Mwalimu, wewe unalifahamu kuliko wahasibu wao. Unalitamka kila siku kwenye dua, ukiwaombea waumini wote. Ukienda kuwadai chako unadai kwa maana zote mbili.

Na Kiswahili kimekaa tayari. Baraza la Mawaziri lilipitisha Julai 2022 kwamba kiwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kicheko cha Kiswahili cha kituo cha umma si kitu kigeni hapa mpakani. Tororo sisi tulikuwa tunafunga antena juu ya mianzi mirefu na kuielekeza Kenya, tukadaka KBC, kwa ajili ya Vitimbi na Vioja Mahakamani. Mzee Ojwang' wa Vitimbi, Mungu amrehemu, aliyefariki 2015, alikuwa anaigiza Mjaluo mwenye Kiswahili cha kuvunjika ilhali mwenyewe, Benson Wanjau, ni Mkikuyu. Jirani yangu Mjopadhola, ambaye lugha yake ni ndugu wa Kijaluo, alikuwa anakuja kwangu kila jioni ya kipindi na kigoda chake. Nikamuuliza kama haoni anachekwa. Akaniambia, "Huyu ni baba yangu mkwe kabisa, mwache aendelee."

Sensa yetu ya 2014 ilituweka Waislamu asilimia 13.7. Mambo ya kuandika yamejaa. Chukua kuandama kwa mwezi pekee: baba amefunga kwa tangazo la Saudia, mama anasubiri la Kampala, watoto wanafuata jiko lililowashwa. Au yule jirani Mkristo anayemkimbiza mwanao asubuhi ya Krismasi aje kumchinjia kuku, maana Uganda hii kisu wametuachia sisi. Hapo kwenye kisu uwe macho lakini. Wakileta mchezo ambao Mwislamu kazi yake ni kuchinja na kuoa tu, andika barua kali nami nitatia sahihi. Ndiyo maana swali la kwanza la kuwauliza ni nani ameandika, na mezani pa kuhariri amekaa nani anayejua tofauti ya futari na daku.

Kwa hiyo hapana, hutakuwa unaomba kudhalilishwa. Ila hiyo barua ya kudai usiandike wewe. Aandike binti yako, na aambatishe dakika kumi na mbili alizoziandika mwenyewe kuhusu baba aliyesimama mlangoni.

SWALI: Mzee Fundi, mvua ya wiki iliyopita imenipokonya UBC. Picha inakatika vipande vya mraba, halafu giza. Chaneli nyingine mbili za bure zimebaki. Antena ni ya zamani ya marehemu baba. Ninunue king'amuzi kipya, au wamenifungia kwa kutolipa? — Mama mwenye duka, Busia

JIBU: Mama, hakuna aliyekufungia, UBC hewani ni ya bure. King'amuzi kiache kwanza. Mitambo ya zamani ilipozimwa mwaka 2015 tukahamia dijitali, tulipoteza kitu kimoja kizuri: zamani mawimbi yakidhoofika ulipata chenga, ukawa unajua ugonjwa unakuja. Siku hizi ni picha safi, kisha miraba, kisha giza.

Panda, au mpandishe kijana, atazame pale waya unapoingia kwenye antena. Nina hakika utakuta kutu ya kijani na maji ndani ya waya. Akate kama shubiri moja mpaka aone shaba inayong'aa, afunge upya, azungushe mpira vizuri. Waya usishuke moja kwa moja ukutani: uachie kitanzi kining'inie kabla ya kuingia dirishani, maji yadondoke hapo badala ya kuingia sebuleni. Kisha itafutishe chaneli upya.

Ikishindikana, basi ni antena ya marehemu. Kama ni ile yenye fito ndefu za kudakia Kenya, ilifanya kazi yake. Dijitali inataka yenye fito fupi fupi. Usiitupe lakini, nitainunua. Tororo si mbali, niletee Ijumaa baada ya swala. Nasema baada, kwa sababu mteja wa mwisho alinifuata hadi safu ya tatu na rimoti mkononi.