Swali la Petro Ufukweni, na Siku Zangu za Mbalamwezi Kirumba

Kwa miaka 11 nilifanya biashara ya dagaa katika mwalo wa Kirumba, mahali mitumbwi ya uvuvi inapotua, hapa Mwanza, nikipokea mzigo kutoka visiwa vya Ukerewe na Ukara, nikiuanika tena, nikiufunga katika magunia na kuwauzia wachuuzi wa mikoani. Ungeniuliza siku zile maisha yangu yana maana gani, ningekuonyesha magunia yaliyopangwa ghalani. Nilikuwa Mkristo, nilitoa zaka na kuimba kwaya, lakini moyoni nilimhesabu Mungu kuwa mlinzi wa mtaji wangu, na kila mwezi uliokuwa na faida niliuchukua kuwa ushahidi kwamba ninaishi kama alivyokusudia.

Masika moja mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, wakati mzigo mkubwa kuliko yote niliyowahi kununua, tena kwa fedha ya mkopo, ukiwa umeanikwa. Anayeijua kazi hii anajua kwamba dagaa walionyeshewa kabla hawajakauka hubadilika rangi na kunuka, hawafai tena kuwa kitoweo, na huishia kuuzwa kwa bei ya chini kabisa kuwa chakula cha kuku. Niliuza kiwanja ili nilipe deni. Hasara ile iliniumiza, lakini kilichonitisha zaidi ni kuamka asubuhi bila mzigo wa kusimamia na kugundua kwamba, yakiondolewa magunia, sikuweza kueleza kwa nini ninaishi.

Katika hali hiyo nilimwendea mhubiri mmoja aliyeahidi kunifunulia kusudi la maisha yangu iwapo ningetoa kwanza sadaka ya kiasi alichokitaja yeye. Nilitoa, nikarudi nyumbani na maneno matamu ambayo yangeweza kuambiwa mtu yeyote. Ndugu msomaji, ikiwa umechanganyikiwa kama nilivyochanganyikiwa mimi, nakusihi usikubali mtu akuuzie kusudi lako. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, Petro alimkemea vikali Simoni aliyedhani kwamba karama ya Mungu hupatikana kwa fedha, na kemeo hilo linamhusu anayeuza sawasawa na anayenunua.

Msaada niliupata siku za mbalamwezi. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mwezi unapokuwa mpevu mwanga wa taa hauwakusanyi vizuri, mitumbwi huvutwa nchi kavu, na mwalo hupoa kwa siku kadhaa. Zamani siku hizo nilizichukia. Mwezi ule, kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilikaa kando ya vichanja vitupu vya kuanikia dagaa nikasoma sura ya 21 ya Injili ya Yohana, ambayo nilikuwa nimeisikia mara nyingi bila kuona kwamba ni sura ya watu wa mwaloni kama sisi.

Petro, ambaye siku chache kabla alikuwa amemkana Bwana wake mara tatu, anawaambia wenzake, “Naenda kuvua samaki.” Nilimwelewa mara moja, kwa sababu mtu aliyepoteza maana ya maisha hurudia kazi aliyoizoea, akitumaini kwamba mikono ikishughulika moyo utanyamaza. Usiku ule hawakupata kitu. Kulipokucha Yesu alikuwa amesimama ufukweni, amewasha moto wa makaa, samaki wako juu yake na mkate upo. Na Injili hiyohiyo ilikwisha kutaja moto wa makaa katika sura ya 18, ule ambao Petro alikuwa akiuota alipomkana. Naamini hilo halikuandikwa bure: Bwana alimrudisha mahali palipofanana na pale alipoanguka, akamlisha kwanza, ndipo akamwuliza.

Na angalia alichomwuliza. Wavu, ambao asubuhi hiyo waliutupa tena kwa neno lake, ulikuwa na samaki wakubwa 153, wala Yesu hakuwadharau, maana alisema waletwe baadhi yao; lakini hakumwuliza Petro habari za samaki, wala mpango wake wa maisha, wala kwa nini alianguka. Alimwuliza mara tatu kama anampenda, na kila alipojibu alikabidhiwa watu: “Lisha kondoo zangu.” Nilikuwa nimeanza kinyume, nikitafuta kazi kubwa ya kunipa thamani ili baadaye nimpende Mungu kwa shukrani, kumbe upendo ndio unaotangulia, na kazi hutoka humo.

Nilijibu swali lile pale pale, kwa machozi, kisha nikauliza kondoo wangu ni akina nani. Sikuonyeshwa ndoto wala maono. Nilikumbuka tu wasichana waliokuwa wakinianikia dagaa kwa kibarua, ambao niliwalipa kwa miaka bila kujua wanalala wapi. Mmoja wao hakujua kuandika hesabu na alikuwa akipunjwa ujira wake na watu wengine waliompa kazi. Nikaanza kumfundisha kwa daftari, dakika chache kila jioni, na wenzake wakaja. Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni mdogo: kabla hujafunga siku 40 ukiomba ufunuliwe jambo kuu, tazama ni nani tayari yuko mbele yako kila siku, naye ana njaa ya chakula, ya haki au ya kusikilizwa, kisha mwombe Kristo akupe kumpenda huyo.

Biashara niliirudia kwa mtaji mdogo, na haijafikia ilipokuwa. Jirani yangu aliyeanza nyuma yangu sasa ana malori mawili. Hata Petro, muda mfupi baada ya kukabidhiwa kondoo, aligeuka akamwona mwanafunzi mwingine akauliza, “Bwana, na huyu je?” Akajibiwa, “Imekupasaje wewe? Wewe unifuate mimi.” Ziko asubuhi ambazo malori yale yakipakia nami huuliza swali hilohilo la Petro, kisha huelekea vichanjani, ambako wasichana wananisubiri na madaftari yao.