Ramani ya simu Kigoma: jibu kwa mkuu anayehamia kikazi

Mkuu, umesema unahamia Kigoma na hujawahi kufika, unauliza kama simu itatosha kukuzungusha mjini au utafute mwenyeji. Wengi waliokujibu wanasema bila bando GPS haifanyi kazi. Hilo si kweli, na linawakwamisha watu bure.

Mimi ni fundi wa sola. Wateja nawafuata majumbani, leo Kibirizi, kesho Gungu, keshokutwa Ujiji, na simu ndiyo inayonifikisha. GPS ni satelaiti za Marekani zinazozunguka kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi. Simu inazisikiliza tu, haipeleki chochote kwao, na ikishika nne inajua ulipo. Hapo vocha haiguswi. Kinachokula bando ni ramani yenyewe, yaani michoro ya barabara na majina.

Kwa hiyo ipakue ramani kabla hujasafiri. Kwenye Google Maps kuna sehemu ya ramani za kutumia bila intaneti. Vuta lile boksi la kuchagua eneo lifike Mwandiga kaskazini na Ujiji kusini. Ila ujue kwamba bila intaneti Google Maps inakuelekeza kama dereva wa gari tu, njia za miguu haikupi. Ndiyo maana mimi naweka na Organic Maps. Ni ya bure, inatumia data za OpenStreetMap (ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea), na inaelekeza mtembea kwa miguu hata data ikiwa imezimwa.

Ukishuka stesheni, kama simu ilikuwa imezimwa safari nzima na huna data, itachelewa kidogo kushika satelaiti, kwa sababu intaneti ndiyo huwa inaidokezea mapema ziko wapi. Simama pa wazi, ipe muda. Kile kidoti cha bluu kinachoonyesha ulipo kikiwa ndani ya duara kubwa, simu bado inakisia, usianze kutembea. Kikionyesha umegeukia sipo, zungusha simu hewani kwa umbo la namba nane mpaka kitulie.

Halafu kuna majina. Ukitafuta Mwanga ya hapa Kigoma ukaandika "Mwanga" peke yake, unaweza kupelekwa Mwanga ya Kilimanjaro, upande wa pili wa nchi! Andika "Soko la Mwanga Kigoma", na kila mara tazama kilomita kabla ya kubonyeza kuanza. Ukiona mamia ya kilomita kwa safari ya ndani ya mji, futa uandike upya.

Nyumba ya mtu usiitafute kwa jina kabisa, omba lokesheni. Na hapa ndipo watu wanapopotezana sana. Mteja wa Buzebazeba anakutumia lokesheni akiwa sebuleni, juu yake bati, na bati linazuia mawimbi ya satelaiti. Unafika mahali panapoonyeshwa, unajikuta mtaa wa nyuma, mbele yako ukuta wa mtu mwingine. WhatsApp huandika usahihi kwa mita pale mtu anapotaka kutuma mahali alipo. Mimi huwa namwambia, "Mama, naomba utoke nje, simama getini, subiri namba ya mita ishuke, ndiyo utume." Ikishuka chini ya mita 10, naenda moja kwa moja. Nikifika naihifadhi kwa jina langu mwenyewe, mfano "Buzebazeba geti la kijani", ili siku ya matengenezo nisiulize tena.

Vibao vya anwani za makazi vya mwaka 2022 vinasaidia ukishaingia mtaani, lakini wateja wangu wengi hawakuelekezi kwa namba ya nyumba. Utaambiwa panda na lami, ukifika msikitini teremka kama unaenda ziwani. Ziwa liko magharibi, kwa hiyo ramani iache kaskazini ikiwa juu, ziwa libaki kushoto mwa kioo. Ukifanya hivyo maelezo ya wenyeji na ramani vinakubaliana haraka sana.

Jambo jingine, Kigoma ni mji wa vilima. Programu inatafuta njia ya haraka kwa mahesabu yake, haijui kwamba kinjia kile kimechimbwa na mvua kikawa korongo. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mimi naikatalia kila inapotaka kunikatisha mlimani, nazunguka na lami hata kama inaongeza dakika. Ukiwa na mzigo au umepakiwa kwenye boda, usibishane na dereva anaposema njia hiyo haipitiki. Muulize anapita wapi, ufuatilie kwenye kioo. Ujiji ni tambarare zaidi, huko vinjia vya ramani naviamini kuliko vya huku juu.

Betri inamalizwa zaidi na mwanga wa kioo. Punguza mwanga, washa sauti, weka spika ya sikio moja, simu ikae mfukoni. Siku ya kwanza beba na pawabenki, maana utakuwa unafungua ramani kila kona.