Klei ikianguka, imekufa

Jana mchana, hapa kwetu tunapoosha magari, klei, kile kipande cha kunata tunachosafishia rangi ya gari, ilimponyoka kijana wetu mmoja, jina lake namhifadhia, ikatua mchangani. Akaiokota. Akaipuliza fuu, fuu, kama mtoto aliyeangusha andazi. Akaipangusa kwenye paja la suruali, kisha akairudisha juu ya boneti la Crown nyeusi. Nilipiga kelele hadi wateja wa mama ntilie wakageuka na vijiko vyao mkononi. Kwa kelele, samahani. Ila kila kundi jipya linakuja na kosa lilelile kama vile mmeachiana wosia, kwa hiyo naandika. Msome wote, na wewe wa jana usome mara mbili.

1. Klei siyo udongo. Nasema kwa sababu kuna aliyeniuliza kama mfinyanzi hawezi kutuuzia kwa bei ya jumla. Ni kitu cha kiwandani, kilianzia Japani, kinanata, na ndani yake kuna chembe laini za kukwangua. Kazi yake ni kung'oa vilivyojishikiza kwenye rangi baada ya shampuu kushindwa: utomvu wa mwembe, ukungu wa rangi ya jirani aliyepulizia geti lake, vumbi la chuma. Mikwaruzo haiondoi, na mteja aambiwe hivyo kabla hujapokea hela yake.

Hilo vumbi la chuma ndilo mnalolipuuza. Magari meupe yanayoshuka bandarini mnayajua, yale yenye vidoa vya rangi ya chai ubavuni. Mwenye gari analia kauziwa kutu. Mara nyingi bati ni zima kabisa. Ni chembe za chuma, za breki au za reli, zimejichimbia kwenye klia, lile tabaka angavu lililo juu ya rangi, na kushika kutu zenyewe. Pulizia dawa ya chuma, subiri igeuke zambarau, suuza, ndipo ushike klei. Na mwenye gari akiwa karibu mwambie mapema kwamba maji yatageuka zambarau. Mimi sikumwambia mmoja, akadhani namvua gari rangi, akaja mbio na kandambili moja.

2. Kabla ya klei, papasa. Zamani tulivaa rambo mkononi, maana vidole vikiwa ndani ya nailoni vinasikia hata chembe ambayo kiganja kitupu hakiisikii. Tangu rambo zipigwe marufuku Juni 2019, tumia nailoni nyembamba ya kufungia mkate. Ukisikia kama msasa, kuna kazi. Ukisikia laini, rudisha klei kwenye kopo uende ukanywe chai. Gari halihitaji klei eti kwa sababu mwenyewe kalipia "huduma kamili".

3. Iteleze kama mlenda. Maji na shampuu ya gari vinatosha, ila mengi, na sabuni ya unga isiguse kazi hii. Ukisikia klei inakwama, mkono wako usiongeze nguvu, uongeze maji. Kuna mmoja aliona kwenye video za Ulaya wanailoweka kwenye maji ya moto ili ilainike. Kwao baridi, mwanangu! Dar, Januari, saa saba mchana, alipata uji, na ule uji ukaganda kwenye mlango wa Noah tukaufuta hadi magharibi. Hapa klei inakaa kivulini, gari linakaa kivulini, na wewe pia.

4. Ikianguka, imekufa, maana mchanga umeshanata ndani yake na utakwaruza rangi. Hakuna kuosha, hakuna kupuliza, hakuna "imegusa kidogo tu".

Nilikuwa mwaka wangu wa kwanza, kwa bosi mwingine, upande mwingine wa mji. Mama mmoja mtu mzima alileta Harrier nyeusi Ijumaa asubuhi. Jumamosi anamwoza mwanawe. Nusu ya boneti nilikuwa nimeimaliza, inang'aa hadi najiona meno. Klei ikanitoka. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Bosi yuko kwenye simu. Kile kipande kilikuwa robo tu ya klei nzima, lakini kwangu kilikuwa nauli na chakula vya siku mbili, na tulikuwa tunakatwa kwa kila kilichopotea. Nikakisuuza kwenye ndoo, nikakikunja, kikaonekana kisafi. Nikamaliza boneti, nikaingia mlango wa dereva.

Gari likiwa bado na maji halikusemi. Nilipolikausha na kulisogeza juani, nikaona mistari, myembamba, iliyonyooka, imepangana kwa utiifu, maana nilikuwa nimefundishwa kwenda mistari iliyonyooka na siyo kuzungusha. Hilo nilikuwa nimelishika vizuri.

Hapo ningemwita bosi. Badala yake nilichukua waksi nzito ya kuziba, nikaipaka tabaka mbili, mistari ikazama. Mama akaja jioni, akanishika bega, akanipa na ya soda. Ile soda sikuinywa.

Baada ya kuoshwa mara mbili waksi ikatoka. Mama akarudi, akaliegesha katikati ya uwanja, akaniita, "Mwanangu, hapa kwenu mnafuga paka?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Na hata hapo sikusema ukweli. Nikamwambia ni vumbi la barabarani, nitalitoa dakika kumi. Nikachukua mashine ya kupolishi, ambayo nilikuwa nimeishika mara tatu maishani, nikaweka mwendo mkali, nikaenda moja kwa moja kwenye ukingo wa boneti. Klia ya kiwandani ni maikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele wa kichwani mwako kwa kawaida ni mnene kuliko hiyo, na kwenye kingo za gari klia huwa nyembamba zaidi. Nilisikia harufu kabla sijaona. Nilipoinua mashine pakawa na mwezi wa kijivu, mpana kama kiganja.

Bosi hakunitukana. Aliniuliza swali moja: "Ilianguka?" Nikaitikia kwa kichwa. Akamwambia mama ukweli mbele yangu, akamwita fundi rangi, boneti likapigwa upya lote, na mimi nikakatwa mshahara miezi mitatu. Robo ya klei! Mama alichukua gari bila kuniangalia. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

5. Kata klei vipande, usishike nzima. Kunja kila ikichafuka upate upande safi. Eneo la nusu mita kwa nusu mita, siyo bodi zima kwa mkupuo. Lami itoe kwanza kwa dawa yake. Ukimaliza, waksi, maana klei imeondoka na ile ya zamani na rangi iko uchi. Kipande kilichochoka lakini hakijawahi kuanguka kinafaa kioo cha mbele. Waipa zitaacha kulia.

6. Nilikuwa na la sita, ila Crown ya jana imerudi getini na mwenyewe anapapasa boneti. Nimeshampigia usiku, anajua kilichotokea. Wewe wa jana, njoo na taa ya kukagulia tuhesabu mistari pamoja. Kipande chako nimekitupa mwenyewe. Kingine kiko kwenye droo ya chini. Kichukue, hukatwi, andika tu kwenye daftari kwamba kile kilianguka.